Bwawa la Angololo: Maji Kwanza, Umeme Baadaye

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi maofisa na askari wa jeshi na wa polisi mlioko katika kambi, vituo na vizuizi vya mpakani, mazungumzo yetu ya leo yanahusu mto mmoja, ukuta mmoja na mashine moja ndogo ya umeme. Mto huo ni Malaba. Ukuta ni ule uliokusudiwa kujengwa mahali paitwapo Angololo, katika mpaka wa Uganda na Kenya. Mashine ni ile itakayowekwa chini ya ukuta huo ili maji yakishuka yazae umeme.

Huenda wako miongoni mwenu watakaouliza jambo hili linamhusu nini mtu aliyevaa sare. Jibu letu ni hili. Bwawa likisimama mpakani, askari ndiye atakayelilinda. Ugomvi ukizuka juu ya maji yake, askari ndiye atakayeitwa. Na mtu hawezi kulinda vema kitu asichojua kimewekwa kwa ajili gani.

Tuanze na nchi yenyewe. Mto Malaba huanzia katika miteremko ya Mlima Elgon. Huko juu wananchi wanauita Lwakhakha, na kwa mwendo mrefu ndio mpaka baina ya nchi mbili. Ukishuka hupata jina la Malaba, hupita karibu na mji wa mpakani wenye jina hilo hilo, kisha huingia katika wilaya ya Tororo. Baada ya hapo hukutana na mito mingine, huwa Mpologoma, huingia Ziwa Kyoga, na maji yake hufuata Nile kwenda zake kaskazini. Mto jirani, Malakisi, huungana nao. Wa tatu ni Sio, upitao upande wa Busia na kumwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Mito hii mitatu, Sio, Malaba na Malakisi, wataalamu wameizoea kuihesabu kuwa bonde moja, kwa sababu wanaoishi kandokando yake ni watu wale wale. Wateso wako pande zote mbili za mpaka, Wasamia hali kadhalika, na Wagisu wa Uganda na Wabukusu wa Kenya ni ndugu wa mlima mmoja.

Bonde hili lina watu wengi na mashamba madogo. Mvua ikinyesha sana mlimani, mito hufurika na kuchukua mazao. Kiangazi kikiingia, mito hiyo hiyo hupungua hata watu wakavuka kwa miguu. Mji wa Tororo hupata maji yake ya mabomba kutoka mto Malaba, kwa hiyo mto ukipungua, mji huona kiu. Hapana haja ya elimu kubwa kutambua kwamba maji yaliyozidi mwezi wa Mei ndiyo yanayokosekana mwezi wa Januari. Bwawa ni ghala. Huyaweka ya Mei hata Januari.

Hiyo ndiyo asili ya shauri la Angololo. Nchi mbili, zikisaidiwa na chombo cha nchi za maziwa ya Ikweta kilicho chini ya Ushirika wa Bonde la Nile, na kwa fedha za utafiti zilizopitia Benki ya Maendeleo ya Afrika, zilifanya upembuzi yakinifu wa bwawa lenye kazi nyingi. Michoro inaonyesha ukuta wenye kimo cha mita zipatazo 30, bwawa la kuhifadhi mita za ujazo zipatazo milioni 43, mashamba ya kumwagilia ya hekta zipatazo 3,300 katika nchi zote mbili, maji ya kunywa kwa binadamu na mifugo, na mwisho, umeme usiofikia megawati mbili. Upande wa Uganda wilaya zinazohusika ni Tororo na Namisindwa, na upande wa Kenya ni kaunti za Busia na Bungoma. Hadi mwaka 2024 jambo hili lilikuwa bado la michoro na la kutafuta fedha za ujenzi. Basi wakati huu, kabla jiwe halijawekwa juu ya jiwe, ndio wakati wa kulielewa.

Tazameni jinsi umeme ulivyowekwa mwisho katika orodha hiyo. Watu wengi wakisikia neno bwawa hufikiri umeme kwanza, na si ajabu, kwa sababu katika sehemu hizi historia ya mabwawa imekuwa historia ya umeme. Bwawa la Owen Falls huko Jinja, ambalo siku hizi huitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954. Mwaka uliofuata yalifanyika mapatano ya kuipatia Kenya megawati 30 kwa muda wa miaka 50, na ilipofika mwaka 1958 umeme ulikuwa ukipita Tororo kwa nyaya za volti 132,000 hadi Nairobi. Mkataba huo ulikuwa mgumu kuliko siasa. Uliyapita madai ya Idi Amin juu ya ardhi ya Kenya ya Februari 1976, ukayapita mauti ya Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ya mwaka 1977, ukaiona Jumuiya hiyo ikizaliwa upya kwa mkataba wa Novemba 1999.

Lakini mkulima wa Tororo aliyelala chini ya nyaya zile aliona nini? Aliona minara. Umeme ulipita juu ya paa lake ukienda kwenye viwanda na miji ya mbali, naye akaendelea kuwasha kibatari. Umeme wa nyaya kubwa haushuki kijijini wenyewe. Huhitaji kituo cha kuupunguza nguvu, nguzo za kuusambaza na fedha za kulipia hayo yote. Kwa hiyo mwananchi wa mpakani ana haki ya kuuliza kama Angololo nayo itakuwa minara mingine ya kutazamwa. Ili kumjibu, hatuna budi kuieleza mashine yenyewe jinsi inavyofanya kazi.

Nguvu ya umeme wa maji hutokana na mambo mawili tu: wingi wa maji yanayoshuka na kimo yanachoshuka. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Tuseme mita tano za ujazo, yaani tani tano, zinashuka kila sekunde kupitia bomba kuu kutoka kimo cha mita 25, zikaligonga gurudumu la turbini na kulizungusha, na gurudumu hilo likazungusha jenereta. Baada ya kutoa kile kinachopotea njiani, mtapata kilowati zipatazo elfu moja, yaani megawati moja. Mkitaka megawati mbili kwa kimo hicho hicho, mtahitaji maji mara mbili. Hakuna ujanja wa kuikwepa hesabu hiyo, kwa sababu ni sheria ya maumbile.

Sasa chukueni kalamu mwendelee nasi. Mita tano kila sekunde ni mita 432,000 kwa siku moja ya mchana na usiku. Bwawa lina milioni 43. Gawanyeni, mtapata siku zipatazo mia moja. Maana yake, mvua zikikatika kabisa na mwenye mashine akaachiwa aiendeshe apendavyo bila kuzima, katika muda wa miezi mitatu na siku chache bwawa litakuwa tope. Kwa kweli litakwisha mapema zaidi, kwa kuwa maji ya chini kabisa hayatoki, na jua nalo huchukua fungu lake. Isitoshe, maji yakishuka bwawani, kimo hupungua, na kimo kikipungua, maji yale yale huzaa umeme mchache zaidi. Mwenye pupa huyamaliza maji huku akipata umeme unaopungua kila siku.

Linganisheni na mahitaji mengine. Tuseme watu 200,000 wanapewa kila mmoja lita 50 kwa siku, yaani jerikeni mbili na nusu. Hizo ni mita 10,000 za ujazo kwa siku, na kwa mwaka mzima ni milioni tatu na laki sita na nusu. Hazifikii hata sehemu moja ya kumi ya bwawa. Kwa hiyo binadamu ndiye mwenye haki kubwa kuliko wote, na bado ndiye anayehitaji kidogo kuliko wote. Mashamba yana kiu zaidi. Kwa kadirio la kawaida la lita moja kwa sekunde kwa kila hekta, hekta 3,300 zitataka mita tatu na robo hivi kila sekunde wakati wa kumwagilia. Kwa siku mia moja hizo ni zaidi ya milioni 28. Hapo ndipo ugomvi unapoweza kuzaliwa: baina ya mkulima wa juu na wa chini, baina ya shamba na mashine, na baina ya upande huu wa mto na upande ule.

Lakini yako mambo mawili ambayo, yakipangwa vema tangu mwanzo, yatauondoa ugomvi huo kwa sehemu kubwa.

La kwanza ni kwamba turbini hailewi wala hainywi. Maji yanayoingia upande mmoja hutoka upande wa pili yakiwa kamili, ila yamepoteza kimo chake. Kwa hiyo, kama maji ya mashamba na maji yanayotakiwa kuachwa mtoni yatapitishwa kwanza kwenye mashine, ndipo yakagawanywa kwenye mifereji, maji yale yale yatafanya kazi mbili. Zile mita tatu na robo za mashamba peke yake, zikishuka mita 25, zinaweza kuzaa kilowati zaidi ya 600 bila tone moja kuachiliwa kwa ajili ya umeme. Katika utaratibu huo mashine hufuata ratiba ya maji. Mkulima akihitaji maji, mashine inazunguka. Mkulima asipohitaji na mvua zipo, mashine inatumia yale yanayozidi. Mkulima asipohitaji na kiangazi ni kikali, mashine inapumzika, au inazungushwa na maji machache tu ya kuuweka mto hai.

La pili ni kwamba umeme huo mdogo una kazi ya karibu yake. Maji ya kunywa lazima yasafishwe na kusukumwa hadi kwenye matangi yaliyo vilimani, na pampu hula umeme. Kuzipandisha zile mita 10,000 za kila siku hadi kimo cha mita 60 huhitaji uniti zipatazo 2,500 kwa siku. Mashine ya megawati moja na kidogo, ikifanya kazi saa 12 tu, huzaa zaidi ya uniti 12,000. Kwa hiyo bwawa linaweza kujisukumia maji yake lenyewe kwa sehemu moja ya tano ya umeme wake, na kinachobaki kikawasha zahanati, shule, mashine za kusaga na taa za vijiji vya jirani. Miradi mingi ya maji vijijini imekufa kwa sababu ya ankara ya umeme au ya dizeli. Mabomba yapo, tangi lipo, pampu imenyamaza. Hiyo ndiyo faida halisi ya mtambo mdogo ulio kwenye bwawa la maji. Megawati mbili si kitu kwa Kampala au Nairobi, lakini kwa pampu za bonde hili ni uhai.

Mfano wa kazi mbili kwa maji yale yale hauko mbali. Huko Tanzania, katika bonde la mto Pangani, liko bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa katika miaka ya 1960. Lina mtambo wa megawati nane tu. Lakini maji yake yakishatoka hapo hushuka kwenda kwenye mitambo ya Hale na Pangani, na bwawa lenyewe limekuwa riziki ya wavuvi na msaada wa wakulima. Hali kadhalika huko nako mvutano baina ya maji ya mashamba na maji ya umeme umejulikana kwa miaka mingi. Hilo latufundisha kwamba kazi mbili zinawezekana, ila huhitaji daftari na mamlaka ya kuamua.

Mfano wa daftari kuvunjwa nao tunao, tena nyumbani kwetu. Owen Falls ilipojengwa, Uingereza na Misri zilipatana mwaka 1949 kwamba maji yatakayopita Jinja yafuate kiwango cha ziwa, kama yalivyokuwa yakipita kabla ya bwawa: ziwa likijaa yapite mengi, likipungua yapite machache. Mhandisi wa Misri aliwekwa Jinja ili aone kwa macho yake kiasi kinachofunguliwa. Utaratibu huo ulidumu kwa miongo mingi. Kisha, baada ya kituo cha pili cha Kiira kuanza kazi mwaka 2000, na mahitaji ya umeme kuongezeka, maji yaliyofunguliwa katika miaka ya 2003 hadi 2006 yalizidi kiwango kilichopatanwa. Ukame nao ukaja wakati huo huo. Ilipofika mwaka 2006 Ziwa Victoria lilikuwa limeshuka hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miaka ipatayo 80. Magati yalibaki juu ya nchi kavu, mabomba ya kuvutia maji ya miji yakafichuliwa, na wavuvi wa nchi tatu walilalamika. Na umeme wenyewe je? Ulikatwa kwa zamu, kwa sababu ziwa halikuweza kuendelea kutoa kisichokuwamo. Kama ziwa kubwa kuliko yote ya Afrika linaweza kuteseka hivyo, bwawa la siku mia moja litakuwaje?

Ndiyo maana tunasema swali kubwa la Angololo ni la ufunguo wa mlango wa maji: nani atakuwa nao, na kwa kufuata kitabu gani? Maoni yetu ni kwamba utaratibu wa haki uandikwe wazi kabla ya ujenzi, kwa lugha zinazosomeka na wananchi. Kwanza maji ya kunywa ya watu na mifugo. Pili maji yanayoachwa mtoni kwa ajili ya walio chini, wakiwemo wa Tororo wanaoutegemea mto huu kwa mabomba yao. Tatu mashamba, kwa mafungu yaliyopatanwa baina ya nchi mbili. Nne umeme, kwa maji yanayopita kwa sababu hizo tatu na kwa yale yanayozidi. Na kipimo cha maji kisomwe kila asubuhi na watu wawili, mmoja wa kila nchi, na tarakimu zibandikwe ukutani pale pale zionekane na kila mpita njia. Tarakimu iliyofichwa ndiyo mama wa uvumi. Na uvumi katika mpaka, kama mjuavyo ninyi kuliko sisi, hugeuka mawe na mapanga kabla ya jua kuchwa.

Sasa tuje kwenye wajibu wenu wenyewe, maofisa na askari.

Wajibu wa kwanza huja kabla ya bwawa. Ukuta wa mita 30 hufunika ardhi, na ardhi hiyo ina watu, nyumba, migomba na makaburi. Siku ya kuwahamisha ikifika, polisi huitwa. Jueni basi sheria inasema nini. Katiba ya Uganda, kifungu cha 26, inataka fidia ya haki na ya kutosha ilipwe upesi kabla ardhi haijachukuliwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 40, nayo inataka fidia ya haki ilipwe kamili na bila kuchelewa. Kwa hiyo ofisa anayepewa amri ya kusimamia uhamisho ana haki, tena ana wajibu, wa kuuliza kama orodha ya malipo imefungwa. Mwananchi aliyelipwa na kuonyeshwa mahali pa kwenda huhama na kuwa rafiki wa bwawa. Aliyefukuzwa kwa virungu hukaa juu ya kilima akilitazama kama adui, na mlinzi wa bwawa hatapata usingizi wakati huo wote.

Wajibu wa pili ni wa macho. Ukuta wa bwawa, hasa wa udongo na mawe, hauanguki ghafla bila kutoa dalili. Mlinzi anayeuzunguka kila siku ndiye wa kwanza kuziona. Maji kidogo yanayovuja chini ya ukuta yakiwa maangavu, yaandikwe na kupimwa. Yakianza kuwa na rangi ya udongo, hilo ni jambo la hatari, kwa kuwa maana yake maji yanauchimba ukuta kwa ndani, na taarifa itolewe saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane. Ufa mpya, mahali palipobonyea, miti iliyoota ukutani, mashimo ya wanyama, magogo yaliyoziba njia ya kumwagia maji ya ziada: yote hayo ni habari za kuandikwa katika kitabu cha zamu. Msidhani tunatia chumvi. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la shamba moja huko Solai, katika kaunti ya Nakuru nchini Kenya, lilipasuka na kuua watu zaidi ya 40 waliokuwa majumbani mwao. Bwawa lile lilikuwa dogo kuliko hili tunalolizungumzia.

Wajibu wa tatu ni wa mlima. Adui mkubwa wa bwawa la mto Malaba atatoka Elgon, naye ni udongo. Miteremko ikilimwa hadi ukingoni mwa mto na misitu ikikatwa, kila mvua hushusha tope, na tope hukaa bwawani mahali pa maji. Elgon tunaijua. Tarehe 1 Machi 2010 maporomoko ya ardhi ya Nametsi, huko Bududa, yalizika kijiji na mamia ya watu. Udongo unaoua juu ndio unaojaza bwawa chini. Kwa hiyo askari wa misitu anayezuia ukataji wa miti huko juu analilinda bwawa, ingawa hajaliona. Na polisi anayezuia uchimbaji wa mchanga chini ya ukuta naye analilinda, kwa sababu mto uliochimbwa hurudi kuutafuna ukuta kwa miguuni.

Wajibu wa nne ni wa chombo chenyewe. Wezi wa nyaya za shaba, wa vyuma vya minara na wa mafuta ya transfoma wamekwisha kuonekana katika nchi zote mbili. Mtambo mdogo ni rahisi kuuvuruga kuliko mkubwa. Hauna mashine za akiba nyingi, na nyaya zake zikiibwa usiku, asubuhi pampu hazisukumi maji, na mgonjwa katika zahanati ndiye anayelipa. Aidha kuna usalama wa watoto. Maji yakifunguliwa, mto ulio chini ya ukuta hupanda kwa dakika chache. King'ora kipigwe kabla ya kufungua, na walinzi wahakikishe hakuna anayeoga wala kufua hapo.

Wajibu wa mwisho ni wa busara, na pengine ndio mzito kuliko yote. Mpaka wa Busia na Malaba umejifunza mengi. Huko Busia, kama inavyosimuliwa, ndiko lilikozaliwa neno boda boda, kwa vijana waliowabeba wasafiri kwa baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka. Mwezi Februari 2018 marais wa nchi mbili walifungua kituo cha pamoja cha mpakani pale Busia, ambapo maofisa wa nchi zote mbili hufanya kazi chini ya paa moja na msafiri hukaguliwa mara moja tu. Mtindo huo huo unaweza kufuatwa kwenye bwawa: kikosi cha ulinzi cha pamoja, kitabu kimoja cha zamu, na simu moja ya dharura. Siku ya kiangazi kikali, kundi la wakulima wenye hasira litakuja kwenye mlango wa maji likidai upande wa pili umeiba. Ofisa asiyejua hesabu atanyanyua bunduki. Ofisa anayejua hesabu atawaongoza hadi kwenye ubao wa tarakimu, awaonyeshe maji yaliyoingia jana, yaliyotoka, na yalikokwenda. Na kama tarakimu zitaonyesha kwamba wakulima wanasema kweli, atapeleka taarifa ya kweli kwa wakubwa wake, ijapokuwa itawaudhi wenye mashine.

Ndugu wasikilizaji, nchi zetu zimewahi kugawana umeme kwa nyaya zilizopita juu ya vichwa vya wananchi. Angololo, ikijengwa kama ilivyochorwa, itataka jambo gumu zaidi, nalo ni kugawana maji yanayopita miguuni mwao, siku kwa siku, katika miaka ya neema na ya ukame. Mhandisi atajenga ukuta, na serikali zitatia saini. Lakini usiku wa kiangazi, wakati bwawa limeshuka na mji unataka taa, atakayekuwa amesimama karibu na ufunguo ni mlinzi wa zamu. Naye akumbuke utaratibu huo: mtu kwanza, mto wa pili, shamba la tatu, na taa mwisho. Taa ikizimika kwa usiku mmoja watu watalala gizani. Maji yakiisha, hawatakuwa na mahali pa kulala.